Ritifaa, Homonimia na Data Iliyonyamaziwa: Utatuzi wa Matatizo ya Kawaida katika Hifadhidata Huria

Utangulizi

Makala haya yanachunguza matatizo yanayowakumba mara kwa mara watumiaji wa hifadhidata huria za kimahusiano, hasa MySQL, MariaDB na PostgreSQL, zinapotumiwa kuhifadhi data ya lugha ya Kiswahili. Huenda msomaji akajiuliza mada hii imeingiaje katika uwanja wa Kiswahili. Jibu ni kwamba mtafiti wa leksikografia, lahaja au fasihi simulizi hawezi tena kutegemea kadi za karatasi na kabati la chuma. Sharti aingize data yake katika tarakilishi, na aghalabu programu atakayopewa iliundwa na watu wasiojua lolote kuhusu ng'ombe wala ngeli. Baadhi ya matatizo yanayotokea hapo ni ya kiufundi tu. Mengi, hata hivyo, huzuka pale sifa za Kiswahili zinapokutana na mazoea ya lugha za Ulaya yaliyojengwa ndani ya programu, na hayo mwanafunzi wa Kiswahili ana uwezo wa kuyatambua mapema kuliko fundi.

Msingi wa hifadhidata hizi uliwekwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, aliyependekeza data ipangwe katika majedwali yanayohusiana. PostgreSQL ilichipuka kutokana na mradi ulioanzishwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker. MySQL ilizaliwa Sweden mwaka 1995. Baada ya kampuni ya Sun iliyoimiliki kununuliwa na Oracle, ununuzi uliokamilika mwaka 2010, wengi walihamia MariaDB, tawi ambalo mwasisi wa MySQL, Michael Widenius, alikuwa amelianzisha mwaka 2009. Zote ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na chuo kisicho na fedha za leseni kinaweza kuzitumia.

Ili mjadala usielee hewani, tuchukulie mradi wa kidhahania. Kikundi cha wanafunzi kinakwenda Lamu, Pate na Mombasa kukusanya msamiati wa Kiamu, Kipate na Kimvita kutoka vinywani mwa wazee. Kila neno linaingizwa katika jedwali pamoja na maana, ngeli, wingi, asili na methali inayolitumia. Katika jedwali hilo kila neno lina mstari wake, na kila aina ya taarifa ina safu wima yake. Baadhi ya wazee hao hawatakuwapo kikundi kitakaporudi, kwa hiyo neno likipotea ndani ya tarakilishi, limepotea kabisa. Ndiyo maana makala haya yanashikilia kwamba kosa linalotangazwa na hifadhidata si la kuogopwa. La kuogopwa ni lile ambalo hifadhidata imelipokea kimya kimya.

Makosa yanayojitangaza

Kosa la kwanza analokutana nalo mwanagenzi ni kukataliwa mlangoni. MySQL hutoa ujumbe namba 2002 au namba 1045, na hizi si hali moja. Namba 2002 ina maana kwamba programu haikuipata seva: pengine haijawashwa, diski imejaa ikashindwa kuwaka, au inatafutwa mahali isipokuwapo. Namba 1045 ina maana kwamba seva imepatikana, imesikiliza, kisha imekataa jina au nywila. Anayebadilisha nywila ilhali tatizo ni 2002 anabisha mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Kuna utata mmoja hapa unaowasumbua hata wazoefu. Katika mifumo ya jamii ya Unix, jina "localhost" huifanya MySQL ipite njia ya ndani ya tarakilishi yenyewe, ilhali anwani 127.0.0.1 hupita njia ya mtandao kupitia mlango namba 3306. Isitoshe, MySQL humtambua mtumiaji kwa jina lake pamoja na mahali anakotoka. Mtafiti aliyesajiliwa kutoka "localhost" si lazima awe yule yule aliyesajiliwa kutoka tarakilishi nyingine, hata kama majina yanafanana. Kwa upande wa PostgreSQL, inayotumia mlango namba 5432, ruhusa hizi huandikwa katika faili iitwayo pg_hba.conf, na hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi.

PostgreSQL ina tabia nyingine inayofaa kufahamika. Amri moja ikikosewa ndani ya muamala, amri zote zinazofuata hukataliwa hadi muamala utanguliwe kwa amri ya ROLLBACK. Mwanafunzi husoma ujumbe wa mwisho kwenye kioo, ambao husema tu kwamba muamala umekatizwa, naye huhangaika na amri isiyo na hatia. Ujumbe wenye maana ni ule wa kwanza. Kwa jumla, ujumbe wa kosa ni matini kama matini nyingine yoyote: una msemaji, una muktadha, na hausomwi kuanzia mwisho.

Ritifaa na masaibu yake

Lugha inayotumiwa kuiamuru hifadhidata, SQL, huzungushia maneno alama ambayo kwa umbo ndiyo ritifaa yetu. Basi mtu anapoandika 'ng'ombe', programu husoma neno "ng", huona kwamba alama imefunga, hukuta "ombe" lisilo na maana kwake, kisha huona alama nyingine imefungua. Kwenye dirisha la amri la MySQL matokeo yake ni alama '> inayosubiri, na mtumiaji hudhani tarakilishi imeganda. Haijaganda, inangoja alama ya kufunga. Amri hiyo ikitoka ndani ya programu ya wavuti, seva hurudisha ujumbe namba 1064, yaani sintaksia imekosewa.

Kwa mradi wa lahaja tatizo hili ni kubwa zaidi kuliko la ng'ombe na ng'ambo. Watafiti wengi wa lahaja za kaskazini huonyesha mpumuo kwa ritifaa: p'aa ni mnyama, paa ni la nyumba, k'aa ni wa pwani, kaa ni la moto. Kuifuta ritifaa ili programu itulie, kama wanavyofanya baadhi ya waingizaji data, ni kufuta fonimu.

Tiba nyepesi ni kuirudia ritifaa mara mbili, 'ng''ombe', nayo hifadhidata itahifadhi moja. Tiba ya kudumu ni kutumia kauli zilizotayarishwa, ambapo amri hupelekwa kwanza na data hufuata peke yake, hivyo data haiwezi kamwe kusomwa kama amri. Njia hii huziba pia mwanya wa kiusalama, kwani ritifaa hiyo hiyo ndiyo wanayoitumia wahalifu kupenyeza amri zao kupitia kisanduku cha kutafutia. Tiba mbaya ilikuwa ile ya matoleo ya zamani ya lugha ya PHP, yaliyokuwa yakitia mkwaju wa nyuma mbele ya kila ritifaa bila kuulizwa. Tabia hiyo iliondolewa katika toleo la 5.4 la mwaka 2012, lakini data iliyoingizwa zamani bado inaweza kukutwa na umbo ng\'ombe, na pale ilipopitishwa mara mbili, mikwaju imezaana.

Yapo pia masaibu yasiyotoa ujumbe wowote. Programu za kuandikia barua hupenda kubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho la msomaji ng'ombe na ng’ombe ni neno moja. Kwa hifadhidata ni mawili. Mwanafunzi mmoja akiandika moja kwa moja na mwingine akinakili kutoka hati yake, jedwali litakuwa na ng'ombe wawili, na anayetafuta atampata mmoja tu. Njia ya kugundua ni kuiuliza MySQL ionyeshe baiti za neno kwa kitendakazi HEX: ritifaa iliyonyooka ni 27, iliyopinda ni E28099. Mradi uchague moja tangu siku ya kwanza, kisha ubadilishe nyingine kwa REPLACE kabla ya kuhifadhi.

Herufi zilizoharibika na herufi zilizokufa

Baiti hizo tatu ndizo zinazoeleza umbo ambalo wengi wamewahi kuliona: ng’ombe. Data iliandikwa kwa usimbaji wa UTF-8 ikasomwa kana kwamba ni latin1, na kila baiti ikageuka herufi yake. Hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018, MySQL iliyosakinishwa bila marekebisho ilitumia latin1 na kupanga herufi kwa kanuni za Kiswidi. Wasweden walikuwa na haki yao, programu ni yao. Lakini hifadhidata nyingi za Afrika Mashariki zilirithi mpangilio huo pasipo kujua.

Hapa sharti pabainishwe hali mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Data inayoonekana kama ’ imeharibika kwa sura tu. Baiti zake zote zipo. Tiba ni kuchukua nakala ya akiba, kuigeuza safu wima kuwa ya baiti tupu, kisha kuitangaza upya kuwa utf8mb4. Data inayoonekana kama ??? ni hali nyingine. Tuseme mradi unahifadhi pia maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kama yalivyo katika miswada ya tenzi. Mawasiliano yakiwa ya UTF-8 na safu wima ikiwa ya latin1, MySQL isiyo katika hali ya ukali haina pa kuiweka herufi ya Kiarabu, basi huandika alama ya kuuliza badala yake. Alama hiyo ndiyo iliyohifadhiwa. Hakuna amri wala fundi atakayeirudisha herufi iliyokuwapo. Katika hali ya ukali, MySQL hukataa na kutoa ujumbe namba 1366, na mtumiaji hulalamika kwamba mfumo ni msumbufu. Usumbufu huo ni heri.

Jina "utf8" lenyewe limewapotosha wengi. Katika MySQL lilikuwa na maana ya herufi zisizozidi baiti tatu, ilhali UTF-8 kamili hufika baiti nne. Ndiyo sababu utf8mb4 iliongezwa katika toleo la 5.5 mwaka 2010, nayo ndiyo ya kuchaguliwa.

Methali iliyokosa maji

Hali ya ukali inastahili neno zaidi. Kabla ya toleo la 5.7 la mwaka 2015, MySQL ya kawaida ilipokea data ndefu kuliko nafasi yake na kuikata, ikitoa onyo ambalo hakuna aliyelisoma. Safu wima ya VARCHAR yenye kikomo cha herufi 30 ikipewa "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji", yenye herufi 34 pamoja na nafasi, itahifadhi "Mgema akisifiwa tembo hulitia" na kuishia hapo. Methali imebaki na tembo, maji yamekwenda. Aliyerithi hifadhidata ya zamani aangalie kama kuna matini nyingi zenye urefu ulio sawa kabisa na kikomo cha safu yake. Huko ndiko kulikokatwa.

Sawa na hilo ni suala la NULL, alama ya taarifa isiyojulikana. Tuseme maneno 1,000 yamekusanywa: 300 asili yake imeandikwa Kiarabu, 500 Kibantu au lugha nyingine, na 200 asili haikujulikana, hivyo safu ikaachwa NULL. Mtafiti anaomba maneno yote ambayo asili yake si Kiarabu, kwa sharti asili <> 'Kiarabu'. Atapata 500, si 700, kwa sababu kulinganisha chochote na kisichojulikana hakutoi kweli wala uongo. Akijumlisha 300 na 500 atadai kwamba Kiarabu ni asilimia 37.5 ya msamiati, ilhali waliothibitika ni asilimia 30 ya yote yaliyokusanywa. Kwa kuzingatia jinsi mjadala wa asili ya Kiswahili ulivyogombaniwa, si busara kuuongezea takwimu zilizozaliwa na sharti moja lililosahauliwa, yaani OR asili IS NULL.

Homonimia na ufunguo msingi

Kila jedwali huhitaji ufunguo msingi, yaani safu inayotofautisha kila mstari na mwingine. Mwanagenzi wa kamusi huona ni jambo la dhahiri kwamba neno lenyewe liwe ufunguo. Mambo huenda vyema hadi anapofika kwenye "ua". Ameingiza ua la bustani, ngeli ya LI-YA. Sasa anataka kuingiza ua wa nyumba, ambao wingi wake ni nyua, na MySQL inamjibu kwa ujumbe namba 1062: neno limekwisha kuwapo. Kitenzi ua nacho kinangoja nje.

Kishawishi ni kuandika ua1 na ua2, au kuibandika maana ya pili kwenye mstari wa kwanza. La kwanza huichafua data, la pili huficha homonimia ndani ya polisemia, tofauti ambayo mwanafunzi wa semantiki alifundishwa kuitetea. Ufunguo uwe namba isiyo na maana yoyote, neno liwe taarifa ya kawaida. Vidahizo viwe na jedwali lao na maana ziwe na lao, zikiunganishwa kwa ufunguo wa kigeni.

Ufunguo wa kigeni nao una mtego wake. Hadi mwaka 2010 injini ya kawaida ya MySQL ilikuwa MyISAM, ambayo ilipokea tangazo la ufunguo wa kigeni bila kunung'unika kisha ikalipuuza. Kidahizo kilifutwa, maana zake zikabaki yatima. Amri ya SHOW TABLE STATUS huonyesha injini ya kila jedwali. Yaliyobaki MyISAM yahamishiwe InnoDB.

Kutafuta neno katika lugha ya viambishi awali

Malalamiko yanayosikika sana ni kwamba hifadhidata "haioni" maneno yaliyomo. Faharasa ya matini ya MyISAM hupuuza maneno yasiyofika herufi 4, na ya InnoDB yasiyofika 3. Kwa kipimo cha kwanza, mtu hayumo. Kwa cha pili mtu yumo, lakini ua, fa na nywa zimetengana: nywa imepita, nyingine zimeachwa. Atakayepunguza kiwango cha InnoDB hadi 2 na kuijenga faharasa upya atashangaa kwamba "la" bado haipatikani. Sababu ni kwamba imo katika orodha ya maneno yanayopuuzwa, iliyotungwa kwa ajili ya lugha za Ulaya, ambamo "la" ni kibainishi tu. Mswahili anayekula, anayekataa na anayemiliki gari lake hakufikiriwa. Orodha hiyo inaweza kubadilishwa, na kwa data ya Kiswahili yafaa ibadilishwe.

Lililo zito zaidi ni mofolojia. Faharasa ya kawaida hupangwa kama kamusi ya karatasi, kwa kuanzia herufi ya kwanza. Anayetafuta kila neno linaloanza na "som" hufungua ukurasa mmoja. Anayetafuta kila neno lenye "som" ndani yake hana budi kusoma kamusi nzima. Ndivyo LIKE '%som%' inavyofanya, na jedwali likikua, utafutaji unadorora. Lugha ambayo maneno yake hubadilika mwishoni huathirika kidogo. Kiswahili husema anasoma, alisoma, hawajasoma, atakayesoma, na katika yote mzizi umefichwa katikati.

PostgreSQL ina kiongezi kiitwacho pg_trgm, kinacholikata kila neno katika vipande vya herufi tatu tatu. Ndani ya "anasoma" kimo kipande "som" na kipande "oma", basi neno hupatikana popote mzizi ulipo. MySQL ina uchanganuzi unaofanana na huo tangu toleo la 5.7. Hata hivyo njia iliyo bora kitaaluma ni ile ambayo waandishi wa kamusi waliitumia kabla ya tarakilishi: kila umbo liambatishwe na kidahizo chake katika jedwali la maumbo. Kazi yake ni kubwa, na mashine haitaifanya vizuri bila mtu anayejua tofauti ya soma na somesha.

Mpangilio wa herufi una hatari moja ya kipekee kwa watumiaji wa PostgreSQL. Kanuni za kupanga hukopwa kutoka mfumo endeshi, na maktaba ya glibc ilizibadilisha sana katika toleo la 2.28 la mwaka 2018. Seva iliyosasishwa baada ya hapo inaweza kubaki na faharasa iliyopangwa kwa kanuni za kale, na maneno yenye ritifaa na vistari ndiyo yanayoathirika kwa urahisi. Mstari upo, lakini haupatikani. Tiba ni REINDEX mara tu baada ya kusasisha.

Kufuli, umeme na faili zisizofaa kufutwa

Wanafunzi wawili wakihariri neno moja, wa pili hungoja. Wa kwanza akifungua muamala na kwenda kula chakula cha mchana bila COMMIT, wa pili atapata ujumbe namba 1205 baada ya sekunde 50. Amri ya SHOW PROCESSLIST, au jedwali pg_stat_activity kwa PostgreSQL, itasaidia kumtambua aliyeacha mlango wazi.

Umeme ukikatika, jedwali la MyISAM huweza kuharibika na kuhitaji REPAIR TABLE. InnoDB na PostgreSQL hujitengeneza zenyewe zinapowashwa, kwa kusoma kumbukumbu za mabadiliko. Kumbukumbu hizo zisiguswe. Katika PostgreSQL ziliwekwa katika kabrasha liitwalo pg_xlog, na kwa kuwa jina hilo lilifanana na la faili za matukio zisizo na thamani, wasimamizi wenye diski iliyojaa walilifuta, na hifadhidata zao zikafa. Toleo la 10 la mwaka 2017 lilibadilisha jina kuwa pg_wal kwa sababu hiyo. InnoDB ikigoma kabisa kuwaka, kipo kigezo innodb_force_recovery. Kipandishwe hatua kwa hatua kuanzia 1, kwa kuwa kuanzia 4 chaweza kuiharibu data moja kwa moja.

Amri moja ya UPDATE iliyosahau WHERE inatosha kuyafanya maneno yote ya Pate kuwa ya ngeli ya A-WA. Dirisha la amri la MySQL lina chaguo la kuzuia amri za aina hiyo, ambalo waundaji wake walilipa jina la pili lenye maana ya "mimi ni mjinga", mwerevu alitumie. Juu ya hayo, mysqldump au pg_dump iendeshwe kila siku ya uingizaji, na nakala ikae nje ya jengo lenye seva. Nakala hiyo irejeshwe katika tarakilishi nyingine angalau mara moja kabla ya kikundi kuvuka kwenda kisiwani, kisha lifunguliwe neno lenye ritifaa, neno la hati ya Kiarabu na methali iliyo ndefu kuliko zote, na kila moja lilinganishwe na daftari la mkono.